Lucille Ball: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi siku hizi humjua Lucille Ball kupitia kipande kifupi cha video kilichorushwa kwenye simu: mwanamke aliyevaa kofia ya kiwandani anajaza chokoleti mdomoni huku macho yamemtoka. Wakishacheka, wanaanza kuuliza. Haya ndiyo maswali ninayokutana nayo zaidi, na majibu yake.

Lucille Ball ni nani?

Ni mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa tarehe 6 Agosti 1911 na kufariki tarehe 26 Aprili 1989. Jina lake lilipaa kwa kipindi cha I Love Lucy, kilichoanza kurushwa na kituo cha CBS tarehe 15 Oktoba 1951 na kufikia tamati tarehe 6 Mei 1957. Humo anaigiza Lucy Ricardo, mama wa nyumbani wa New York ambaye mumewe, Ricky, ni mwanamuziki kutoka Kuba. Lucy anataka naye apande jukwaani, mume hataki, na kila wiki mama huyu anabuni hila mpya. Jirani zao, ambao pia ndio wenye nyumba, ni Fred na Ethel Mertz, walioigizwa na William Frawley na Vivian Vance. Kipindi kilienda misimu sita, na katika minne kati ya hiyo hakuna kipindi kingine Marekani nzima kilichokuwa na watazamaji wengi zaidi.

Alikulia wapi?

Alizaliwa Jamestown, mji mdogo magharibi mwa jimbo la New York. Baba yake alikuwa fundi wa nyaya za simu. Mwaka 1915 homa ya matumbo ilimuua, Lucille akiwa na miaka mitatu tu na mama yake akiwa mjamzito wa mdogo wake, Fred. Kumbukumbu aliyobaki nayo ya siku ile ni ndege aliyeingia ndani ya nyumba akashindwa kutoka. Mpaka uzeeni aliogopa ndege, hata wa kuchorwa ukutani.

Aliyemlea zaidi ni babu yake mzaa mama, huko Celoron kando ya ziwa Chautauqua. Babu huyu alipenda maonyesho ya jukwaani, yale ya nyimbo, wanasarakasi na wachekeshaji yaliyokuwa yakizunguka miji ya Marekani, na wajukuu aliwachukua. Ukitaka kujua Lucy alijifunzia wapi kwamba mtu mmoja akisimama peke yake mbele ya watu anaweza kuwafanya mamia wacheke kwa pamoja, ni pale.

Ni kweli shule ya maigizo ilimwona hafai?

Ni kweli. Akiwa kijana wa miaka 15 hivi mama yake alimpeleka shule ya maigizo jijini New York. Mwanafunzi nyota wa shule hiyo alikuwa Bette Davis, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa sinema. Lucille alikuwa na haya, sauti haitoki, na walimu walimwandikia mama yake kwamba anapoteza fedha bure. Akarudi nyumbani.

Baadaye alirudi tena New York, safari hii akawa mwanamitindo kwa mbunifu wa mavazi Hattie Carnegie. Akaugua miguu vibaya, akakaa muda mrefu nyumbani akijifunza upya kutembea. Alipopona alirejea kwenye kazi ile ile. Mwaka 1933 ndipo alipopata nafasi ya kwenda Hollywood kuwa mmoja wa wasichana wa kundi la kucheza na kuimba katika filamu ya mchekeshaji Eddie Cantor. Hakuwa na hata mstari mmoja wa maana wa kusema, lakini wengine walipokataa kurushiwa matope usoni, yeye alikubali.

Kabla ya televisheni alikuwa mtu maarufu?

Alijulikana, ila hakuwa nyota. Aliigiza filamu nyingi kwa mkataba wa studio ya RKO, kisha MGM, nyingi zikiwa zile za bei nafuu zilizoonyeshwa kabla ya filamu kubwa ya usiku. Watu wa sinema walimpa jina la utani la malkia wa filamu za daraja la pili. I Love Lucy ilipoanza alikuwa ametimiza miaka 40. Katika kazi ile, mwanamke wa umri huo alihesabiwa kuwa jua lake linakuchwa.

Kitu kimoja cha thamani alichokipata MGM hakikuwa filamu. Buster Keaton, gwiji wa vichekesho vya filamu zisizo na sauti, alikuwa ameajiriwa pale kama mshauri, enzi zake zimepita. Alikaa na Lucille akimfundisha namna ya kutumia vitu: kofia, ngazi, sahani, mlango. Alimfundisha kwamba kifaa lazima ukijue kama kidole chako, ukikague mwenyewe kabla ya kuingia, wala usimwachie mtu mwingine.

Nywele zake zilikuwa nyekundu kweli?

Hapana. Zilikuwa za kahawia. Zilipakwa rangi MGM mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya filamu ya rangi, akazipenda, akabaki nazo. Kinachonifurahisha ni kwamba I Love Lucy ilikuwa nyeusi na nyeupe, na bado kila mtu alijua ana nywele nyekundu.

Kwa nini mume wa kwenye kipindi ni mume wake wa kweli?

Kwa sababu alikataa mtu mwingine. Desi Arnaz alizaliwa Santiago de Cuba mwaka 1917. Familia yake ilikuwa na mali na vyeo, ikapoteza vyote katika mapinduzi ya 1933, akaja Marekani kijana asiye na kitu na kujipatia riziki kwa gitaa na ngoma. Walikutana mwaka 1940 wakitengeneza filamu, na tarehe 30 Novemba mwaka huo huo wakafunga ndoa. Kisha ikawa ndoa ya barua na simu: yeye yuko Hollywood, Desi yuko njiani na bendi.

Mwaka 1948 Lucille alianza mchezo wa redio CBS kuhusu mke na mume wake, ukapendwa. CBS wakataka kuupeleka kwenye televisheni. Akasema sawa, ila mume awe Desi. Wakubwa wakasita: nani ataamini kwamba mwanamke Mmarekani ameolewa na Mkuba mwenye lafudhi nzito? Swali hilo liliulizwa kwa uzito kabisa, na watu ambao jibu lilikuwa limekaa mbele yao, wamevaa pete.

Lucille na Desi hawakubishana nao. Mwaka 1950 walitengeneza onyesho lao, wakasaidiwa na mchekeshaji wa sarakasi wa Kihispania aliyeitwa Pepito, wakazunguka nalo majukwaani. Watu walijaa na kucheka. CBS wakakubali.

Mbona picha za kipindi hiki ni safi hivyo, wakati vipindi vingi vya miaka ile vimepotea?

Msanii yeyote anayesoma ukurasa huu naomba jibu hili alisome taratibu.

Mwaka 1951 vipindi vikubwa vya Marekani vilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Watu wa pwani ya magharibi waliona nakala iliyopatikana kwa kuelekeza kamera kwenye kioo cha televisheni na kurekodi kilichokuwa kikipita, picha ya ukungu. CBS na mdhamini, kampuni ya sigara Philip Morris, walitaka Lucy na Desi wahamie New York. Wao hawakutaka kuondoka Hollywood, na mtoto wao wa kwanza, Lucie, alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa Julai mwaka huo.

Desi akapendekeza warekodi kwenye ukanda wa filamu wa milimita 35, kama sinema, kwa kamera tatu kwa wakati mmoja, mbele ya watazamaji. Kazi ya picha akapewa Karl Freund, aliyekuwa amepiga picha baadhi ya filamu kubwa za kimya za Ujerumani. Tatizo lilikuwa taa. Kwenye sinema kila pembe huwashiwa taa zake, unasimama, unapanga upya, unapiga tena. Hapa kamera tatu zinaangalia pembe tatu kwa pamoja na watu wapatao 300 wamekaa wanangoja kucheka. Freund akazipandisha taa juu ya jukwaa na kusambaza mwanga sawasawa, kamera zikawa huru kutembea chini. Vichekesho vingi vya televisheni vilivyokuja baadaye vilirekodiwa kwa mtindo huo.

Filamu ilikuwa ghali kuliko kurusha moja kwa moja. Wakaambiwa wapunguze malipo yao, kiasi cha dola 1,000 kwa wiki. Desi akasema tutapunguza, lakini filamu zenyewe ziwe mali yetu. CBS wakakubali haraka, kwa kuwa wakati ule kipindi kikisharushwa kilihesabiwa kuwa kimekwisha. Nani angetaka kuangalia mchezo alioshauona?

Jibu likaja upesi kuliko walivyodhani. Lucille alipojifungua mara ya pili na kuhitaji mapumziko, walirudia vipindi vya nyuma, na watu wakaangalia. Hapo ndipo biashara ya marudio ilipoonekana. Miaka michache baadaye CBS walilazimika kununua filamu zile zile kwa zaidi ya dola milioni 4. Mwaka 1957 kampuni yao, Desilu, ikanunua studio za RKO, zile ambazo Lucille aliwahi kuingia getini kama mwigizaji wa mkataba.

Walikuwa wameuza jasho la wiki ile wakabaki na shamba. Wachekeshaji wetu wangapi wamelipwa mara moja kwa kipindi kilichorudiwa miaka ishirini? Ndiyo maana kila nikiulizwa ukuu wa Lucy uko wapi, nataja mkataba huu kabla ya kutaja uso wake.

Alikuwa akibuni vichekesho papo hapo?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolisikia zaidi. Watu husema, “yule alizaliwa nacho.” Wafanyakazi wenzake walisimulia kinyume: nje ya jukwaa hakuwa mtu wa utani hata kidogo. Alikuwa mtu wa mazoezi.

Hati ziliandikwa na Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr. Sehemu za vitendo waliziandika kwa herufi kubwa, hatua kwa hatua. Kabla ya kumpa Lucy, Madelyn Pugh alikuwa akivijaribu vitendo hivyo kwa mwili wake mwenyewe, kuona kama mwanamke anaweza kuvifanya bila kuumia. Jina la mwandishi huyu halitajwi vya kutosha.

Sasa chukua ile chokoleti, kipindi kilichorushwa tarehe 15 Septemba 1952. Waume wamekaa nyumbani kupika, wake wamekwenda kutafuta kazi. Lucy na Ethel wanawekwa mbele ya mkanda unaotembea. Kazi yao kufunga kila chokoleti kwa karatasi. Msimamizi anawaonya: ikipita hata moja haijafungwa, hamna kazi. Mkanda unaanza polepole. Wanaweza. Lucy anasema kazi rahisi. Mkanda unaongeza mwendo. Angalia mikono yake hapo: kwanza inafunga vizuri, halafu inafunga vibaya, halafu inaacha kufunga na kuanza kukusanya. Ya kwanza inaingia mdomoni. Kisha kofiani, kisha kifuani ndani ya nguo. Msimamizi anarudi, anakuta mkanda mtupu, anaridhika, na kupaza sauti kwa fundi: ongeza mwendo!

Hakuna hata hatua moja inayorukwa. Kila ngazi ya balaa inatokana na iliyotangulia, na uso wa Lucy unakueleza mawazo yote kabla mkono haujafanya. Huwezi kuona hofu hiyo ikipanda kwa mpangilio kama mtu anabahatisha. Halafu fikiria kwamba kulikuwa na watu 300 mbele yao, na kwamba huwezi kurudia mara kumi mdomo ukiwa umejaa chokoleti.

Ni kweli neno “mjamzito” lilikatazwa?

Ndiyo. Mwaka 1952 alipopata mimba ya pili walidhani kipindi kimekufa. Wakaamua Lucy wa kwenye hadithi naye apate mtoto. CBS na mdhamini waliingiwa na woga, wakaruhusu kwa masharti: neno lenyewe lisitamkwe, waseme tu “anatarajia”, na padri, mchungaji na rabi wapitie hati zote. Viongozi hao wa dini hawakuona cha kufuta.

Katika kipindi cha tarehe 8 Desemba 1952, Lucy anashindwa kumwambia mumewe habari hiyo kwa kuwa kila mara wanakatizwa. Mwishowe anakwenda ukumbini anakoimba, anatuma kikaratasi kama mteja wa kawaida anayeomba wimbo wa mama na baba wanaotarajia mtoto. Ricky anapita meza hadi meza akiimba, akiwatafuta wazazi hao, mpaka anafika kwa mke wake, anapita, halafu anashtuka. Machozi mnayoyaona pale si ya kuigiza. Walikuwa wamewahi kupoteza mimba kabla ya hapo, na wote wawili walishindwa kujizuia.

Kipindi cha kujifungua kilirushwa tarehe 19 Januari 1953, siku ile ile Lucille alipojifungua mtoto wa kiume, Desi mdogo, kwa upasuaji. Watu wapatao milioni 44 walitazama. Kesho yake Eisenhower aliapishwa kuwa rais, na watazamaji wake walikuwa wachache kuliko hao.

Alishtakiwa kuwa mkomunisti?

Hakushtakiwa, ila alihojiwa. Mwaka 1936 alijiandikisha kupiga kura akitaja chama cha kikomunisti, kwa kumridhisha babu yake, mzee aliyeamini sana haki za wafanyakazi. Septemba 1953, enzi ambazo tuhuma kama hiyo ilitosha kuua kazi ya msanii, jambo lilifika magazetini. Kamati ya bunge ilikuwa imekwisha kumsikiliza na haikumwona na kosa. Usiku wa kurekodi Desi alisimama mbele ya watazamaji akawaambia kwamba kitu pekee chekundu, rangi ya wakomunisti, kwa Lucy ni nywele, na hata hizo si za kweli. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Vivian Vance na William Frawley walikuwa wanapatana?

Hapana. Vance alichukizwa kuonekana mke wa mtu aliyemzidi miaka 22, na Frawley alijua. Kwenye kioo hasira yao ikawa ndoa ya wazee waliozoeana, tamu kabisa.

Kwa nini waliachana na Desi?

Pombe, wanawake wengine, na kazi iliyomlemea Desi mpaka ikamvunja. Lucille aliomba talaka Machi 1960, siku moja baada ya kurekodi onyesho lao la mwisho pamoja. Mwaka 1961 aliolewa na mchekeshaji Gary Morton, akaishi naye mpaka mwisho. Yeye na Desi waliendelea kuheshimiana na kulea watoto, na Lucille hakuacha kusema hadharani kwamba bila akili ya Desi kusingekuwa na chochote.

Inasemekana bila yeye kusingekuwa na Star Trek. Kweli?

Kweli. Mwaka 1962 alinunua hisa za Desi na kuwa mkuu wa Desilu, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya katika kampuni kubwa ya televisheni Marekani. Star Trek, kipindi cha hadithi za safari za anga za mbali, ilipoletwa, washauri wake waliona gharama ni kubwa mno. Kituo cha NBC kilikataa kipindi cha majaribio cha kwanza, ikabidi kitengenezwe cha pili. Yeye akaruhusu fedha itoke. Ilianza kurushwa tarehe 8 Septemba 1966.

Hapo kuna jambo linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Afisa wa mawasiliano wa chombo cha anga cha kwenye hadithi ile, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura, na jina hilo limetokana na neno letu uhuru. Mwanamke mweusi kwenye usukani wa mawasiliano, miaka michache tu baada ya Tanganyika na Kenya kupata uhuru wake! Na katika kipindi kile cha kwanza kabisa kurushwa anasemeshwa Kiswahili. Sidhani Lucille mwenyewe aliwahi kulifikiria hilo alipokuwa akikubali hesabu za fedha, lakini saini ilikuwa yake. Mwaka uliofuata aliiuza Desilu kwa dola milioni 17.

Baada ya I Love Lucy alifanya nini?

Vipindi vingine viwili virefu, kimoja 1962 hadi 1968, kingine 1968 hadi 1974, cha pili akiwa na wanawe wawili. Vyote vilipendwa. Mwaka 1985 aliigiza mwanamke mzee asiye na makazi, anayelala barabarani, na wengi walishindwa kumtambua. Mwaka 1986 akajaribu tena kichekesho, akiwa na miaka 75. Kilirushwa mara nane tu kikafutwa. Alilia sana. Desi alifariki tarehe 2 Desemba mwaka huo huo.

Alipata tuzo gani?

Emmy, tuzo kubwa za televisheni Marekani, nne: mbili kwa I Love Lucy na mbili mfululizo mwaka 1967 na 1968. Nishani ya Uhuru ya Rais alitunukiwa baada ya kufariki, mwaka 1989.

Amezikwa wapi?

Mwanzoni California. Mwaka 2002 watoto wake walihamisha mabaki yake hadi Jamestown, karibu na wazazi na babu yake. Mji huo sasa una jumba la makumbusho lake, na pia kituo cha taifa cha sanaa ya vichekesho kilichofunguliwa 2018.

Nianze na kipindi kipi?

Wengi watakuambia chokoleti. Mimi husema anza na kile cha dawa ya nguvu, cha tarehe 5 Mei 1952. Lucy amepata kazi ya kutangaza dawa ya maji yenye jina refu, Vitameatavegamin, na kila wakifanya jaribio anatakiwa anywe kijiko kimoja huku akitabasamu. Hajui kwamba ndani yake mna kilevi, asilimia 23. Tangazo ni lile lile, analirudia neno kwa neno. Angalia kijiko. Mara ya kwanza anamimina bila kumwaga tone na uso unakunjamana kwa uchungu wa dawa. Mara ya tatu hivi uchungu umetoweka, anaanza kuipenda. Mwishoni chupa haikioni kijiko, kijiko hakiuoni mdomo, naye anaweka kijiko kando na kuipandisha chupa nzima.